Majibu Pembeni mwa Hojaji

Umekuja na karatasi zako, mwanangu, kutoka chuo kikuu,
soksi zimelowa theluji, nami nimekukaribisha kahawa.
Swali la kwanza: "Je, unapenda kujihatarisha?"
Moja ni hapana kabisa. Saba ni kupita kiasi.

Baba yangu, Alvar, hakupenda hata kuvuka barabara.
Ila shamba letu hapa Stenhult lilizaa mawe.
Tuliyang'oa kila theluji ilipoyeyuka,
mwaka uliofuata yapo, kana kwamba yameota.
Basi akaingia zizini, akamuuza ng'ombe mmoja,
akaanza kuvuta waya: ndoano za makoti,
mitego ya panya, mishikio ya ndoo.
Ng'ombe aliyebaki alimtazama kama unavyonitazama wewe.
Andika: hakuwa jasiri. Alichoka kuinama.

Swali la nne. "Unawaonaje washindani wako?"
Naiona taa ya Sixten kutoka dirisha hili la jikoni.
Miaka thelathini tumegombea mteja mmoja wa bawaba kule Malmö,
tukashusha bei hadi senti ikalia,
na usiku mashine yangu ilipovunjika jino
nilivuka uwanja nikatumia ya kwake,
bila hati, bila hodi.
Ufunguo wake uko chini ya chungu cha maua.
Wangu pia.
Sasa hiyo ni tano, au ni mbili?

"Umewahi kushindwa?"
Kahawa imepoa, ngoja nikuongezee.

Mwaka ule benki ilipofumba mkono, mume wangu Evert
hakuniambia. Wiki sita alitoka na chakula chake koponi,
akaketi ndani ya gari msituni,
akarudi saa kumi na moja jioni
akinuka baridi, si mafuta ya mashine.
Niliijua siri kwa kutazama kucha. Zilikuwa safi.
Mkono mtupu haulambwi, sawa;
ila sikujua kwamba hata mwenyewe huuficha mfukoni
akiwa mezani, mbele ya mkewe.
Jumapili, kanisani, kila mtu alikodolea kitabu cha nyimbo
kwa bidii isiyo ya kawaida.
Hakuna aliyetucheka. Hakuna aliyetuuliza.
Jumatano, mlangoni, robota la waya na kikaratasi:
ndoano mia nne, haraka, mimi sina nafasi.
Sixten alikuwa na nafasi. Mashine zake zilinyamaza wiki nzima.
Nilizisikiliza.

Usiandike kwamba sisi ni wema.
Henning alinunua gari jekundu kabla ya kulipa deni la chuma,
na hadi leo, yu kaburini, tunamwita Jekundu.
Mirsad alikuja amekimbia vita,
akafunga mashine ya springi ndani ya gereji,
nasi tukampa miaka mitatu ya salamu za kidevu.
Mwaka wa nne akabisha saa nne usiku, anaomba mtungi wa kuchomelea.
Nikamwonyesha chungu.
Ndiyo hivyo tu. Hapakuwa na keki.

Binti yangu Tuva yuko Stockholm. Ameanguka mara tatu
na wazo lake la kukodisha vitanda vya watoto,
na kila akianguka hupanda jukwaani kusimulia,
watu wakampigia makofi!
Nilikwenda kumsikiliza. Nilivaa kofia,
nikaishusha hadi machoni.
Kisha nikaiona mikono yake, kaificha mgongoni:
inakunja kibanio cha karatasi, inakikunjua, inakikunja,
kama babu yake mbele ya ng'ombe.

Swali la mwisho. "Ni nini kinachokusukuma?"
Umeniachia mstari mmoja na nusu.

Kabla ya alfajiri, nikiwa kitandani, huisikia mashine
ambayo hakuna aliyeiwasha.
Nina miaka sabini na nne. Bawaba zangu zimefunga milango
ya watu nisiowajua, na naamka nikiwaza
ule mmoja unaolia.
Andika saba.
Hapana, futa. Andika moja.
Kwani hiyo ni penseli, au ni wino?